Samaki wa Ukutani

Shemeji yangu alijiita Mkurugenzi. Mkurugenzi wa boti moja ya kupeleka wageni kwenye mwamba wa baharini! Mimi, kaka wa mkewe, ndiye nilikuwa nahodha, fundi na msafisha matapishi. Kazi yake yeye ilikuwa mdomo.

Ukuta mzima wa ofisi aliuchora samaki wa kila rangi. Alizinakili picha kutoka kitabu cha bahari za Ikweta, na sisi tuko mbali nayo, maji yetu yanakata pumzi kwa baridi. Kadiri unavyoyaacha maji ya joto, aina za samaki hupungua, mpaka wabaki wachache wagumu, rangi ya vumbi. Kila kiangazi mkondo wa bahari hutuletea samaki wachanga wachache wenye madoido. Baridi ikiingia, wanakufa. Nilimweleza mara ngapi!

"Samaki ana mapezi, shemeji," alinijibu. "Nani kamzuia kuja?"

Na hata kuogelea hajui. Wageni wakinung'unika, aliwaambia samaki wamelala. Njia ya mwongo fupi, wanasema. Ya huyu ilitiwa lami.

Aliyemwamini kwa moyo wote ni binti yake. Tangu utotoni alisimama mbele ya ukuta ule akiwataja samaki mmoja mmoja, na alipokua akajifunza kuzamia ili awaone kwa macho yake. Nilimsihi shemeji amwambie ukweli mapema.

"Usinivunjie heshima kwa mwanangu," akasema.

Binti akazamia mwambani kwetu kwa mara ya kwanza katikati ya majira ya baridi, boti imejaa wageni. Niliyaona mapovu yake yakizunguka mwamba wote, kisha yakazunguka tena. Alipoibuka, midomo ilikuwa ikimtetemeka.

"Haya, waambie, mama!" Mkurugenzi akapaza sauti. "Umewaona?"

Binti alimtazama baba yake, akawatazama wageni. Akanitazama na mimi, nami nikainamia injini kama zuzu.

"Wote, baba. Wamejaa tele."

Wageni wakapiga makofi, na Mkurugenzi akawapungia mkono kama bwana harusi. Miaka yote nilikuwa namdharau tu. Siku ile nilimchukia.

Tulipofika nchi kavu nilimvuta binti pembeni. "Kwa nini umedanganya?"

Alikuwa akikamua nywele zake, hakuniangalia.

"Kabla sijafungua mdomo, mjomba, niliona machoni baba ananiogopa," alisema. "Kumbe alikuwa anajua siku zote kwamba hawapo."