Ohio Si Mtu wa Kwetu

Nakiri jambo ambalo nimelikana tangu ujana wangu: mpaka nilipoingia kidato cha kwanza, niliamini kwamba Ohio ni Mjaluo.

Wale niliosoma nao hunikumbusha kila tunapokutana mazishini, nami huwaambia wamenichanganya na msichana mwingine, yule aliyekuwa akikaa karibu na dirisha. Hakukuwa na msichana wa dirishani. Ni mimi. Mwalimu wa jiografia alikuwa akitufundisha mito ya Amerika Kaskazini, akataja Ohio, nami nikainua mkono na kuuliza kwa adabu zote: "Mwalimu, huyo Ohio ni mtu wa upande gani? Ni wa Seme ama ni wa Nyakach?" Darasa zima likaanguka. Mwalimu mwenyewe alitoka nje, akamalizia kicheko chake kwenye veranda, akarudi akipangusa macho.

Nisingekumbuka haya yote kama nisingepita soko la Kibuye, hapa Kisumu, Jumapili iliyopita kutafuta pazia. Kwenye lundo la nguo, chini ya mwavuli wa kijana aliyekuwa akiimba bei, nikaona mkono wa sweta la kijivu, na juu yake herufi mbili za mwisho za jina nililolijua. Sikulivuta. Nilisimama tu hapo kama mtu aliyemwona jamaa yake upande wa pili wa barabara, asijue kama amwite.

Usinicheke kabla hujanisikia. Kwetu mtoto wa kiume huitwa Otieno, Ochieng', Okoth, Onyango. Wa kike ni Atieno, Achieng', Akoth, Anyango. O ni mvulana, A ni msichana, na huhitaji kwenda shule kulijua hilo. Sasa mchukue mtoto aliyekulia hivyo, umpe sweta lililoandikwa OHIO kifuani, umwambie ni jina la mahali. Atakuona wewe ndiye hujui.

Nyanya yetu aliuza mitumba Kibuye. Alikuwa muumini wa Sabato, kwa hiyo Jumamosi ilikuwa ya Mungu na Jumapili ilikuwa yake. Mimi na mdogo wangu tulitoka naye nyumbani Mamboleo kungali na ukungu, tumebeba chupa ya chai na viazi vitamu vilivyofungwa kwa kitambaa, bado vya moto, vikituunguza mapaja tulipovipakata. Robota la mitumba likikatwa kamba hutoa pumzi. Nguo zilizokuwa zimebanwa miezi mingi hufumka zenyewe, na harufu inatoka: dawa ya nondo, sabuni isiyojulikana, makabati ya watu tusiowajua. Hata leo nikiisikia harufu hiyo natamani kiazi kitamu.

Nyanya alisoma Biblia ya Kijaluo bila taabu, lakini Kiingereza kilimshinda. Kwa hiyo nguo yenye maandishi aliiinua juu, akatutazama.

"Soma."

"Ohio."

"Ohio! Karibu, baba. Isechiemo?" Umeshakula? Ndivyo alivyomsalimu kila mgeni aliyefika mlangoni kwake, na hakuona sababu ya kulisalimu sweta vingine. Kisha alilikung'uta, akaligeuza ndani nje, akanusa kola, akapitisha kidole kwenye mishono, na hapo ndipo alipotoa hukumu.

Kwa njia hiyo Marekani yote ikawa familia moja, na nyanya akawa mama mkwe wake mkali. Arizona alikuwa binti mvivu, kwa maana nguo zake zilikuja zimepauka mabegani, dalili ya mtu anayekaa juani bila kazi. Alaska alikuwa mgonjwa, maskini, la sivyo mbona anavaa mazito hivyo? Oklahoma alikunywa pombe. Shati lake moja lilikuwa na doa ambalo sabuni ya mche ilisalimu amri mbele yake. Oregon alikuwa na vifungo vyote, hata kile cha akiba kilichoshonwa ndani, na nyanya alisema nikipata mume kama Oregon nisiulize maswali mengi. Ohio alikuwa wa kutegemewa. Hana mbwembwe, hachuji rangi, hatoboki viwiko. Mtoto wa kwanza hasa.

Mdogo wangu alipewa Alabama. Lilikuwa sweta jekundu kama pilipili iliyoiva, lilimfika magotini, na akikimbia lilionekana likikimbia lenyewe. Tukaanza kumwita Alabama nyumbani, naye akaitika. Mimi nikachukua Ohio. Jirani alipomwambia nyanya kwamba hilo ni jina la mvulana, alijibu: "Ni nguo, si kaburi."

Jirani huyo aliuza viazi na maharagwe kwenye meza iliyogusana na ya nyanya. Alikuwa amekuja Kisumu kutoka mkoa wa Kati akiwa msichana, akaolewa na biashara. Kijaluo chake kilikuwa kizuri kuliko Kiswahili chake, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha nyanya. Alituvumilia kwa muda na jamaa zetu wa ng'ambo, kisha siku moja akachoka.

"Sasa hawa O na A wote ni wenu. Na sisi? Sisi hatukupanda ndege?" Akainama, akapekua lundo, akatoka na fulana. "Msichana, soma hii."

"Washington."

"Wa-shington!" Akapiga makofi. "Wanjiku, Wambui, Washington. Huyu ni damu yangu kabisa. Na ile ya jana ilikuwa nini? Ken-taki? Si huyo ni ndugu ya Kariuki?"

Nyanya akanigeukia. "Hii Washington, si ndiko kuna ikulu yao?"

Nikasema ndiko.

Nyanya akashika kiuno. "Yawa! Hata huko mmeshachukua ikulu?"

"Si mngeamka mapema, Mama."

Walicheka mpaka nyanya akakaa juu ya robota. Wateja walisimama kuona kuna nini. Tangu siku hiyo wakagawana majimbo kama watu wanaogawana samaki, wakipigania yasiyo na mwenyewe. Lilipokuja sweta la MAINE, jirani aliliita Maina aliyeandikwa na karani mlevi, akataka awekewe kando mpaka apate nafasi ya kulilipia.

Ulikuwa ni mwaka wa uchaguzi. Redio ilianza kuitaja Kisumu kwa sauti ile ambayo watu hutumia kumtaja mtoto mtundu wa mwenzao. Ndugu za jirani wakampigia kelele kutoka kwao: toka huko, watu wa huko ni wa kurusha mawe. Yeye aliyekuwa amekaa na watu wa mawe tangu usichana wake alijibu wanamsumbua bure. Lakini mama yake mzee akalia kwenye simu, na kilio cha mama hakijibiwi kwa hoja. Tulimsaidia kufunga magunia. "Narudi mambo yakipoa," alisema. "Niwekee Maina wangu."

Nyanya alikuwa na msemo wa kuwatuliza wachuuzi wapya, wale waliozunguka mzigo uliofungwa wakibashiri kilichomo: robota halifunguliwi kwa macho. Jioni hiyo, redio ikinguruma kwenye kibanda cha kinyozi, aliusema tena akaongeza, "wala kwa masikio." Jirani hakurudi. Nyanya alilaza gunia tupu kwenye nafasi yake ili mtu asitandaze hapo, na sweta la Maine lilikaa chini ya meza hadi panya wakalianza. Hapo ndipo nilipojua kwamba meza mbili zilizogusana zikiachana, hata kelele ya soko zima haijazi mwanya uliobaki.

Baadaye nikasoma. Chuo kikuu kilinitoa ujinga wa Ohio, kikanipa ujinga mwingine, huu wenye tanbihi. Nikawa mwandishi wa makala, mtu wa kualikwa kwenye mijadala. Nilikuwa na maoni kuhusu majimbo yote hamsini na sijakanyaga hata moja. Nilijua Texas wote wana bunduki na Chicago wote wanapigwa risasi. Nilijua San Francisco watu wanalala barabarani na New York hakuna anayemjulia mwenzake hali. Nilijua jimbo gani limepigia chama gani kura, na kutokana na kura hiyo nilijua, nikiwa hapa kwenye kiti changu Mamboleo, mwenye duka wa huko ana moyo wa namna gani. Nyanya, kwa ujinga wake, angalau alikuwa ameshika nguo mkononi.

Nyanya alikuwa amekwisha kufariki wakati mdogo wangu, muuguzi, alipopata kazi ng'ambo. Alinipigia siku alipoambiwa anapelekwa wapi. "Dada, keti kwanza." Nikaketi. "Ni Alabama." Tulicheka mpaka tukalia, na nadhani mmoja wetu alikuwa analia tangu mwanzo.

Kisha nikaanza kazi yangu ya usomi. Kila habari mbaya iliyotoka jimbo hilo nilimtumia: kimbunga, sheria, mtu aliyepigwa, mwanasiasa aliyesema upuuzi. Hata habari mbaya za majimbo ya jirani nilimtumia, zisipotee. Yeye hakubishana. Alinijibu kwa picha za miche ya nyanya aliyoipanda nyuma ya nyumba ya kupanga, na za sukuma wiki ambayo watu wa huko, alisema, wanaipika mpaka inalegea kama ya kwetu. "Mambo magumu yapo, Dada," aliandika mara moja. "Na kwenu yapo." Nikaona ametekwa akili.

Yeye ndiye mtu pekee aliyebaki duniani anayeweza kuniita kwa kelele kutoka chumba kingine. Chumba chake nilikiacha kama alivyokiacha. Kila mwezi nilianika godoro lake juani, nikaligeuza, nikalirudisha, nikalitandika shuka. Watu wakiniuliza, nilisema ni unyevunyevu wa ziwa.

Mwaka jana akaniambia anataka kununua nyumba kule. Ningeweza kumwambia kweli, kwamba nyumba hii ina mwangwi, kwamba napika omena, dagaa wa ziwa letu, za watu wawili kwa sababu mkono wangu haujui kipimo kingine. Badala yake nikamhutubia kuhusu historia ya Kusini mwa Marekani na kura za wazungu maskini. Nikamaliza kwa kusema, "Ukinunua nyumba huko, mimi usinitarajie kukanyaga." Akasema, "Sawa, Dada." Simu ikakatika, na hakuna aliyempigia mwenzake tena, wala siku ya sikukuu.

Sasa Kibuye hakuna meza ya nyanya wala ya viazi. Pamejengwa, pamepangwa, vijana wanauza kwa simu, nguo yenye maandishi haihitaji msomaji. Hakuna anayemsalimu Arizona. Nilirudi nyumbani Jumapili hiyo bila pazia.

Wiki hiyo kulikuwa na maandamano nchini. Kisumu pia vijana walitoka, na kamera zikasimama mahali pale pale zinaposimama siku zote, kwenye mzunguko wa barabara ule ule, zikangoja tairi iwake. Kwangu Mamboleo kulikuwa kimya. Nilikuwa barazani nachambua omena, mchana, nikitupa vichwa kwa paka wa jirani, simu ilipolia. Nilipoona jina, nilipangusa mikono kwa gauni.

"Dada, uko salama?"

"Kwa nini nisiwe?"

"Tumeona kwenye televisheni. Kisumu inawaka."

"Kinachowaka hapa ni jiko langu, na lenyewe linasuasua."

Nilimsikia akishusha pumzi. Kisha nyuma yake nikasikia sauti ya mwanamke mzee, ikiongea Kiingereza cha kuvuta maneno kama anayekokota kiti.

"Huyo ni nani?"

"Jirani yangu. Ameona habari, amevuka uwanja na nguo za kulalia kuja kuniamsha. Anasema uje ukae kwake mpaka kutulie." Akasita. "Anasema hapo ulipo si mahali pa binadamu kuishi. Hapa ndipo salama."

"Hapo wapi?"

"Hapa. Alabama."

"Mtu wa Alabama ananionea mimi huruma kwa kukaa Kisumu?"

"Amekuombea tangu usiku."

Nilitaka kukasirika. Nilifungua mdomo, nikiwa na hotuba tayari, nikamwona akilini huyo mama amesimama jikoni kwa mdogo wangu na nywele zake hazijachanwa. Redio ya kinyozi ilinijia masikioni. "Mwambie," nikasema, "mwambie robota halifunguliwi kwa macho."

Kisha mdogo wangu akasema polepole, "Hayo maneno, Dada, nimekungoja uyaseme mwaka mzima."

Paka alikuwa ameingia kwenye sinia na sikumfukuza.

"Ile nyumba," nikasema. "Bado ipo?"

"Nilitia sahihi Ijumaa." Sauti yake ikawa ndogo, ya mtoto aliyevunja kikombe. "Nilitaka kukuambia kabla. Niliogopa. Ina chumba cha ziada, kinaangalia jua la asubuhi. Nimeweka kitanda."

Kutoka pale barazani nilikuwa naona mlango wa chumba chake, uliokuwa wazi, na ncha ya shuka nililokuwa nimelitandika siku mbili nyuma. Basi harudi. Nilikuwa nimelijua hilo kwa muda mrefu, kama nilivyojua kuhusu Ohio kabla mwalimu hajarudi kutoka verandani.

"Dada? Umekasirika?"

"La."

"Basi sema kitu."

Huko kwao kulikuwa kumekucha tu. Alikuwa ameamshwa na habari za moto, amesimama na simu, na nilimjua, hajatia kitu tumboni.

"Alabama," nikamwita. "Isechiemo?"