Nilivyochagua Mtoto Sokoni

Ukitaka kuona mjinga aliyejaa majivuno, njoo soko la mifugo hapa Isiolo uniulizie. Mimi ni broka wa ng'ombe, na niliamini jicho langu halikosei.

Mke wangu Kathure na mimi tumetafuta mtoto miaka mingi. Mwishowe daktari wa Nairobi akaunganisha mbegu zetu katika maabara. Jana akatuma picha ya viinitete kwa simu ya Kathure, akasema atapiga atueleze ni kipi chenye afya ya kuwekwa tumboni.

Anieleze mimi? Nikanyakua simu, nikakimbia nayo sokoni, nikawaita mabroka wenzangu, mabingwa wa kukagua meno ya ng'ombe. Tukaona vitu vidogo vyenye makunyanzi, na kimoja kikubwa, cha mviringo, kinachong'aa.

"Hicho ndicho dume," Guyo, mmoja wao, akaamua. "Hivi vingine vimekonda kama ng'ombe wa kiangazi."

Hapo hapo nikakipa jina la marehemu baba yangu, na wazee wa sokoni wakakibariki.

Daktari alipopiga, niliweka spika ili wote wasikie nikimfundisha kazi. "Daktari, usihangaike. Weka hicho kikubwa."

Akanijibu, "Mzee, hicho kikubwa ni kiputo cha hewa. Viinitete ni hivyo vidogo."

Soko likaangua kicheko. Kathure, aliyekuwa amenifuata, akaninyang'anya simu. "Daktari, ongea na mimi. Huyu ni wa ng'ombe."

Mteja niliyemuuzia fahali asubuhi alikuwa ameshaanza kumkagua fahali wake upya.