Fundi wa Kola

Fundi wa kola alikuwa mtu wa maneno machache na majivuno mengi, na majivuno hayo yalikuwa na haki yake. Katika kiwanda kizima cha mashati hapakuwa na aliyegeuza ncha ya kola ikakaa kama yake. Mengine hayakumhusu. Shati lilimfikia limekwisha kukatwa na kuungwa, akatia kola, akalisukuma kwa mama wa vifungo.

Kiwanda kilipofungwa hakutetereka. Cherehani anayo nyumbani. Jirani yake, dereva wa lori, akaleta kitambaa cheupe. Alitaka shati la kuendea usaili wa kazi Jumatatu.

"Hapa umefika," fundi akamwambia.

Akaanza na kola, maana mkono huenda ulikozoea. Ikatoka safi. Dereva alipokuja kuijaribu, haikufunga; shingo yake ilikuwa nene kama gogo. Fundi hakuwa amepata kupima shingo ya mtu maishani mwake. Dereva akaondoka. Fundi akabaki na kitambaa, asijue mkasi aupitishe wapi. Shati hili likimshinda, mtaa mzima utajua hana kazi anayoiweza. Aliona aibu.

Mkewe, mwalimu wa baiolojia, alikuwa akiandaa somo.

"Baba, unamjua amiba?" akamuuliza mumewe.

"Simjui. Anakaa mtaa gani?"

"Dimbwini. Mwili wake wote ni seli moja. Hiyo hiyo inakula, inapumua, inatoa uchafu, ikitaka uzao inajigawa. Haimhitaji mtu. Seli zetu sisi hazina idadi, nazo zimegawana kazi: ya msuli inavuta, ya damu inabeba hewa. Ndiyo maana tuna macho na mikono, amiba hana. Lakini chukua moja uitupe dimbwini peke yake, haifiki popote."

"Unanisema."

"Naandaa somo. Ukijiona umesemwa, shauri yako."

Fundi alinuna mpaka chai ikapoa. Asubuhi akakikunja kitambaa, akaenda kwa mzee aliyekuwa mkataji wa vitambaa kiwandani. Tangu kiwanda kifungwe walikuwa wakikwepana njiani, kila mmoja akiogopa kuulizwa siku hizi anafanya nini.

Alimkuta mezani na mkasi wake mkubwa, akikata magazeti ya zamani. Migongo ya mashati, mikono, vifua, vyote vimepangwa sakafuni, rundo limefika magotini.

Fundi akaweka kitambaa juu ya magazeti. "Nina kola," akasema. "Sina shati."

Mkataji akakikunjua. Alikipapasa kile kitambaa, kisha akashika mkasi.