Mpaka Injini Ipate Moto

Fundi mmoja wa pale Makambako alinicheka juzi, na tangu siku hiyo sijatulia. Nilikuwa nimemwachia gari langu dogo tangu jana yake alibadilishe oili, na nikaenda kulichukua asubuhi, katika baridi ile ya mwezi wa saba ambayo unaijua kama umewahi kulala huku kwetu. Nikaliwasha, nikakaa. Nikajifunga vizuri mtandio shingoni, nikaendelea kukaa. Akaja dirishani anafuta mikono, akauliza kama kuna tatizo. Nikamwambia nasubiri injini ipate moto. Alicheka mpaka wenzake wakageuka. Kisha akanieleza kwa upole kwamba gari za siku hizi hazitaki hayo: unawasha, unafunga mkanda, unaondoka taratibu bila kukanyaga mafuta sana, injini itapata moto humo humo njiani. Nikamwuliza, je, zile dizeli za zamani? Akasema hata zile, dakika chache zilitosha. Zaidi ya hapo ni kuunguza mafuta bure.

Dakika chache. Njia nzima kutoka Makambako mpaka Njombe nilikuwa nabishana na watu waliokwisha kufa.

Kijijini kwetu, upande wa Uwemba, gari lilikuwa moja tu, pikapu ya jirani yetu. Jirani huyo alijifunza udereva misheni, akarudi na imani mbili, ya kanisa na ya injini, na sijui ipi ilikuwa na nguvu zaidi. Siku za kupeleka viazi Makambako, mkewe alitangulia kuamka na kuwasha jiko la mkaa wa miti ya miwati. Jirani alilisukuma chini ya gari, chini kabisa ya injini, akaliacha huko lipashe oili. Akamimina maji ya uvuguvugu kwenye rejeta. Ndipo alipopiga stata, na gari likakohoa moshi mweusi uliofunika uwanja mzima. Likishawaka ndiyo ilianza kazi yenyewe ya kungoja. "Injini ni mtu aliyeamka," alikuwa akisema. "Humtumi kabla hajanawa uso."

Sisi watoto tulipenda kungoja huko. Majani ya viazi yalikuwa meupe kwa sakitu, miguu yetu peku imekufa ganzi, na nyuma ya pikapu kulikuwa na ekzosi inayotoa joto. Tulipigana vikumbo kupata nafasi pale, tukivuta moshi ule kama watu wanaonusa mchuzi. Wakubwa nao walitoka mmoja mmoja, mablanketi mabegani. Huyu ameleta kifurushi cha maharage kipelekwe kwa mtoto wake aliye shule, yule ana salamu, mwingine hana lolote ila kutaka kujua nani anasafiri. Ndiyo maana kwetu hakuna aliyeondoka kwa siri. Ukitaka kwenda mahali, kijiji kizima kilipata muda wa kuamka, kuvaa na kuja kukuuliza unakwenda wapi.

Mama alilijua hilo, ila hakuwa na njia nyingine.

Alikuwa ameolewa akiwa na cherehani aliyopewa na baba yake. Ilikuwa mali yake pekee katika nyumba ile, na mkono wake ulijulikana hadi Igwachanya. Shangazi yangu alipoolewa, baba aliichukua ile cherehani akampa dada yake kama zawadi ya harusi. Hakumwuliza mama. Alimwambia jioni, wakati wa kula, kama mtu anayesema mvua imenyesha. Mama hakugomba. Aliendelea kumega ugali, lakini tangu siku ile nyumba yetu ikawa kimya namna ambayo hata mimi, mtoto, niliisikia.

Mama mdogo, mdogo wake mama, alikuwa na kibanda cha kushonea karibu na stesheni ya Makambako. Akamletea mama ujumbe kwamba nafasi ipo, cherehani ya pili ipo, aende. Mama aliomba ruhusa, akakataliwa. Akaomba tena, akaambiwa mwanamke hakuolewa ili akakae stesheni. Ndipo asubuhi moja, baba akiwa ametangulia bondeni kumwagilia vinyungu vyetu, zile bustani za kiangazi, mama aliponiamsha, akanivika sweta, akasema tunakwenda kumsalimia mama mdogo. Nilimwona anaweka ndani ya kikapu gauni langu la Krismasi na mkasi wake wa kukatia vitambaa. Nikajua kwamba hatwendi kusalimia.

Tukapanda mbele, mimi katikati. Mlango wa abiria wa pikapu ile ulikuwa haufunguki kwa ndani, kitasa kilikwisha kuvunjika, na kioo kilikwama nusu. Ukiingia, jirani alikufungia kwa nje, na ukifika alizunguka kuja kukufungulia. Akatufungia, akaenda kusimama mbele ya boneti na kuiwekea kiganja, kama anavyofanya mama kwenye paji la mtoto mwenye homa.

Tulikaa humo, injini ikinguruma. Watu wakaanza kuja. "Kamwene," wanasema, wakiinama kwenye ile nusu ya dirisha, na mama anaitika "Kamwene," maana kwetu salamu haiachwi ikaanguka chini. Za kuamka? Mnasafiri? Kila aliyeinama aliona kikapu, na kila aliyeona kikapu hakuondoka.

Kisha bibi, mama yake baba, akafungua mlango wa jiko lake. Alitutazama kwa mbali. Hakuja. Alikwenda hadi ukingoni mwa bonde, akamwita baba kwa Kibena, kwa ile sauti ndefu ya kuvusha bonde ambayo vijana wa siku hizi hawaijui kwa sababu wana simu. Mama alisikia. Akatoa uso dirishani, akamwambia jirani, "Kaka, twende tu."

"Bado haijapata moto, dada," jirani akajibu. "Nikiiondoa hivi nitaiua."

Bibi akarudi na kikombe cha uji wa ulezi. "Kunywa, mwanangu," akasema, "safari ina baridi." Bibi hakuwa mtu mbaya. Nasema hivi kwa sababu nilimpenda, na kwa sababu uji ule ulikuwa umechemshwa mpaka ukawa hauguswi na ulimi. Kwetu mtu haondoki na kikombe cha watu, na uji wa mkwe haumwagwi. Mama akakishika kwa mikono yote miwili, akawa anapuliza. Uji ulikuwa ungojwe upoe, injini ingojwe ipate moto, na sisi tuko ndani ya mlango usiofunguka.

Baba akatokea na tope magotini. Watu wakampisha. Hakupaza sauti, na mpaka leo natamani angepaza, maana mama alikuwa amejiandaa kwa makelele. Aliweka mkono juu ya mlango, akanitazama mimi.

"Wewe nenda," akamwambia mama. "Mtoto anabaki."

Injini ilinguruma, safi kabisa, haina kikohozi hata kimoja. Mama alikunywa uji. Aliunywa wote vile vile ulivyo wa moto, machozi yakamtoka, na kila mtu pale angeweza kusema ni uji. Kisha akampa bibi kikombe, akasema, "Nifungulieni." Baba ndiye aliyefungua. Jirani akagusa boneti, akaridhika, akapanda, akaondoka na viazi vyake.

Mama hakujaribu tena. Wadogo zangu wakazaliwa, mwaka ukafuata mwaka. Baba hakuwa katili, alizeeka vizuri hata, na siku moja alimletea mama cherehani mpya kutoka Njombe. Mama alishukuru, akaiweka pembeni, akawa anatua juu yake ndoo ya maji. Hasira yake ilikuwa hiyo tu. Hiyo, na jambo moja zaidi: kila asubuhi pikapu ya jirani ilipowashwa, mama aliacha alichokuwa akifanya, jembe, ufagio, mwiko, akasimama kusikiliza mpaka iondoke. Nilipokuwa mkubwa kidogo nilikuwa nasimama naye. Niliona haya, kwa sababu nilijua kamba iliyomfunga pale ilikuwa mimi.

Sasa fundi ananiambia dakika chache zilitosha. Sijui kama jirani alikuwa anailinda injini au alikuwa anamlinda baba asiaibike. Pengine hata yeye hakujua. Pikapu yake ipo nyuma ya nyumba yake, kuku wanatagia kwenye kiti tulichokalia. Yeye amekwenda, bibi amekwenda, na baba tulimzika mwaka juzi.

Jana asubuhi nilikwenda kumchukua mama nimpeleke Makambako kwa mama mdogo, ambaye bado anashona ingawa uzi anatungiwa na wajukuu. Safari hii mama hakumwomba mtu ruhusa. Alipanda mbele akiwa na kikapu mapajani. Nikawasha gari, nikafunga mkanda, nikaweka gia kama nilivyofundishwa.

"Ngoja kwanza ipate moto," mama akasema.

Nilifungua kinywa nimweleze habari za fundi, kisha nikamwona anatazama mlango wa jiko la bibi. Nikatoa gia. Tukakaa. Sakitu ilikuwa juu ya majani kama zamani, lakini gari langu halina sauti ya kumwamsha mtu, na nyumba nyingi pale zina kufuli, wenyewe wako mijini. Bodaboda moja ilipita, dereva amejifunika kofia ya koti mpaka puani, hakusalimia. Hakuna aliyetoka na blanketi, wala na kifurushi cha maharage, wala na kikombe. Niliwachukia watu wale miaka yote, na jana niliona ningefurahi hata mmoja wao akija kuinama dirishani aseme Kamwene.

Mama akashika kitasa cha mlango wake, akakivuta. Mlango ukafunguka, baridi ikaingia. Akautazama kidogo ukiwa wazi, kisha akaufunga mwenyewe.

"Haya," akasema. "Twende."