Bolti ya Rejeta ya Oili

Juzi, kwenye gereji moja ya Pongwe, niliona pikipiki ya zamani yenye rejeta ndogo ya kupozea oili mbele ya injini. Ladha ya chuma ikanijia mdomoni.

Alasiri moja ya utoto wangu, uani kwetu Chumbageni, Baba alifungua rejeta kama hiyo ya pikipiki yake kwa kuwa ilikuwa ikivuja. Oili nyeusi ilidondoka mchangani, ikinuka moshi. Mama hakutulia, anaingia ndani, anatoka.

"Wakikukamata mpakani na hizo sabuni za magendo?" aliuliza tena.

Nilidhani pikipiki isipoondoka hakuna atakayekamatwa. Nikaokota bolti moja, nikaitia mdomoni. Madukani isingepatikana nyingine.

Baba akawa anaitafuta, anachekecha mchanga kwa chekeche la unga. Akaingia Mzee Sefu, mwenzake wa safari, ana haraka.

"Msalimie mzee," Baba aliniambia.

Shikamoo haikutoka. Baba alilitazama shavu langu kwa muda, kisha akainama, akaendelea kuchekecha.

"Bolti haionekani, Mzee Sefu. Wewe tangulia tu."

Nilijiona nimewadanganya wote wawili. Sikujua kwamba mtu mzima naye hutafuta sababu ya kutokwenda.

Mzee alipokata kona, Baba alinikingia kiganja chini ya kidevu.

"Haya, tema."