Kikapu cha Bi Kipande

Shangazi yangu hakuwahi kutupa kitambaa. Kipande kilichobaki baada ya kukata gauni kiliingia kwenye kikapu chini ya cherehani, na hata miaka kumi baadaye kingetoka kuwa mfuko wa sare au kola ya mtoto. Mtaa mzima ulimwita Bi Kipande. Alishona miaka arobaini na mmoja katika chumba kile kile cha mbele, na aliyethubutu kumwambia kikapu kimejaa takataka alitazamwa mpaka akaona haya.

Mimi ni mtoto wa kaka yake. Kazi yangu ni kutengeneza kompyuta za maofisini, na sina simile na uchafu. Yeye aliniita Fundi Haraka, nami nilijitia sikusikia.

Kompyuta ya pale nyumbani ilikuwa ya mumewe, mwalimu wa hesabu aliyestaafu. Alipougua, walimpasua koo na sauti ikaondoka moja kwa moja. Miezi kumi na minne iliyobaki alizungumza na mkewe kwa kompyuta. Aliandika kwa herufi kubwa, akaigeuza skrini kuelekea kwenye cherehani, na Shangazi akasoma na kumjibu kwa mdomo huku akishona. Niliwahi kuwakuta wakigombana hivyo kwa sababu ya chumvi, mmoja akifoka, mwenzake akibonyeza herufi kama anazipigilia misumari. Mwishowe Shangazi alicheka, na mwalimu akaandika kwamba ameshinda.

Mwaka mmoja baada ya kumzika mwalimu, kompyuta ilikuwa hoi. Mfumo wake ulikuwa wa zamani, waliouunda walishaacha kuutunza, na hata ukurasa wa kliniki ya macho alikotibiwa Shangazi ulikataa kufunguka. Nikakata shauri kuweka mfumo mpya. Nilimweleza kwamba nitanakili vitu vyake kwenye flashi, nifute kila kitu, nianze upya, kisha nivirudishe. Nikamuuliza kama kuna chochote cha kuangalia sana. Alisema vyote vimo humo humo, vimepangwa, akaendelea kutunga uzi kwenye sindano.

Nilinakili picha na nyaraka. Kwenye kikapu cha taka cha kompyuta kulikuwa na faili mia tisa na ushee, nikatikisa kichwa. Watu hawa hawajui kumwaga taka? Sikufungua hata moja, wala sikuzinakili. Ilipofika alasiri mfumo mpya ulikuwa unafanya kazi bila kukwama, nami nilijiona fundi hasa.

Shangazi alivaa miwani akakaa. Aliupeleka mshale polepole hadi kwenye kikapu, akakifungua. Kilikuwa kitupu. Akakifunga, akakifungua tena.

"Maneno ya mwalimu yako wapi?" aliniuliza.

Nilimuuliza maneno gani. Akanieleza, bila kupandisha sauti, kwamba kila alipomaliza kumjibu mumewe aliuburuta ule ukurasa mpaka kwenye kikapu. Kitu kilichomaliza kazi yake na bado ni kizuri huwekwa kikapuni. Angekiweka wapi kwingine?

Nilihangaika na ile diski siku tatu, nikawapelekea hata wenzangu kazini, tukaambulia patupu. Nimewahi kukosea mara nyingi na kila mara nikapata kisingizio. Safari hii sikutafuta. Nilimwomba radhi nimepiga magoti kwenye sakafu iliyojaa nyuzi. Hakunifokea, na ningeona afadhali anifokee.

Siku ya nne, nikirudisha nyaraka moja moja kutoka kwenye flashi, nilikuta ukurasa wenye herufi zile kubwa. Tarehe yake ilikuwa ya asubuhi ile mwalimu alipopelekwa hospitali asirudi. Nilimwita Shangazi.

"Huo sikuuweka kikapuni," alisema. "Sikuwahi kumjibu. Gari lilikuwa limeshafika."

Mwalimu alikuwa ameandika maneno mawili tu: UMEKULA WEWE?

Shangazi alikaa kwenye kiti chake cha cherehani, mguu juu ya kanyagio. Niligeuza skrini imwelekee. Aliisoma kwa muda mrefu, midomo ikitikisika, na mimi nililia kwa sababu yeye hakulia.

"Nimekula, mwalimu," alisema. "Nimekula vizuri."

Kisha akaniambia niuweke kikapuni.

"Shangazi, umebaki huu mmoja tu."

"Nimeshamjibu. Uweke."

Kwanza niliuzuia mfumo mpya usije ukakimwaga kikapu wenyewe. Halafu nikauweka ukurasa wa mwalimu, ukakaa mle peke yake.