Kopo la Jirani na Tope la Ndiva

Walisema sitaweza kuchemsha makande yakaiva, sembuse kumfundisha mtoto kusoma. Walisema mwanamume aliyefiwa hulea mbuzi, halei binti. Aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa shemeji yangu, kaka wa marehemu mke wangu, karani wa mizani katika shamba la mkonge huko tambarare. Tulikuwa tumekaa uani siku ya kuondoa matanga, na binti yangu, ambaye hakuwa amefikisha miaka mitano, alikuwa amelala mapajani mwa bibi yake.

"Shemeji, karatasi yako ya ng'ambo tunaiheshimu," alisema. "Lakini karatasi haimsuki mtoto nywele."

"Nitamsuka mimi."

Watu wakacheka, kicheko cha msibani ambacho hakifiki mbali. Mama mkwe hakucheka. Alitaka kushuka na mjukuu wake hadi Hedaru, kwenye mama zake wadogo na shule iliyo karibu na nyumba. Sikuweza kumlaumu. Alikuwa amemzika binti yake siku chache tu zilizopita, na alitaka kuondoka na kile kilichobaki. Lakini kilichobaki kwake ndicho kilichobaki kwangu pia.

Nikasimama mbele ya ukoo mzima. "Ifikapo Krismasi mtoto huyu atasoma chochote mtakachomwekea mbele. Akishindwa, mama, mchukue. Sitasema neno."

Sikuwa mtu wa kuahidi hovyo. Ujanani nilikata mkonge pamoja na watu waliotoka kila pembe ya nchi, na mshahara wangu ukaishia kwenye karo. Hakuna mjomba wala mmisionari aliyenishika mkono. Nilijisomesha mwenyewe mpaka nikapata nafasi ya kwenda ng'ambo, nikarudi na diploma ya ufundi wa maji, wa kwanza katika mlima wetu, na sioni sababu ya kulisema hilo kwa kunong'ona. Wenzangu niliorudi nao walibaki Dar es Salaam kwenye ofisi zenye feni. Mimi nilipewa kazi mjini Same, nikapanda kuishi mlimani, kwa kuwa tuliambiwa taifa linajengwa vijijini na mimi niliamini, na kwa kuwa mke wangu alikuwa huku.

Shida ilikuwa vitabu. Duka la kijiji lilikuwa na chumvi, na sabuni siku inapofika. Same niliuliza kila mlango nikajibiwa kwamba vitabu vya watoto wadogo hivyo havipo. Shule ilipokea wenye miaka saba. Darasa la kisomo cha watu wazima lilikuwa na vitabu, lakini watu walivisoma kwa zamu, na singethubutu kumpokonya mama mtu mzima kitabu chake cha kwanza.

Basi nikaazima maandishi popote nilipoyaona. Jirani yangu, mama mtu mzima aliyeishi ng'ambo ya mfereji, alinipa kopo lililoandikwa MAFUTA.

"Nalitaka kopo langu," akaniambia. "Usije ukalisomesha mpaka likapata kutu."

"Litarudi, mama."

"Na lisirudi tupu. Hujasahau mila huko kwa wazungu?"

Sikuwa nimesahau. Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Mwenye duka la kijiji akaniazima boksi la SABUNI, fundi cherehani akaniazima gunia la UNGA alilokuwa amepanga kulishonea mto, na kila mmoja alirudia sharti lile lile. Nikavipanga ukutani, na kila jioni nikavigusa kwa fimbo. Nilimfundisha majina ya herufi, kama nilivyofundishwa mimi, kisha neno zima. Haikupita muda binti yangu akawa anavitaja vyote bila kukosea. Nilimpeleka dukani akasome mbele ya watu. Wakapiga makofi. Nami nikapokea makofi yale kana kwamba nimeleta mvua.

Shemeji alisikia sifa hizo huko huko tambarare, akapanda mlima. Alimsikiliza mtoto akisoma boksi, kopo na gunia. Kisha akachukua kaa lililozimika, akaandika sakafuni herufi zile zile: SABUNI.

"Soma hapo, mwanangu."

Mtoto akatazama sakafu, akanitazama mimi. "Hapo hakuna sabuni, mjomba."

"Pameandikwa nini?"

"Hapana boksi."

Shemeji hakunicheka, na hilo liliniuma zaidi. Akafuta vidole vyake kwenye suruali. "Huyu anasoma makopo na maboksi, shemeji. Nitakuja na mama Krismasi, kama ulivyosema mwenyewe."

Jioni ile nilimsuka nywele zikaenda upande, akalala bila kulalamika. Nilikaa nikiangalia ukuta wenye makopo. Mtoto hakuwa na kosa. Alikuwa ameshika nilichomwonyesha, yaani rangi, picha na umbo la chombo. Nilihitaji maandishi yasiyo na chombo, yanayoweza kufutwa na kuandikwa tena bila gharama. Ubao haukuwepo. Chaki ilikuwa ya kisomo.

Nilipata jibu kazini. Juu ya kijiji chetu kuna ndiva, bwawa la udongo linalojaa maji usiku na kufunguliwa asubuhi ili mashamba yamwagiliwe kwa zamu. Maji yakishatoka, kingo zake hubaki na tope laini kama ugali uliosongwa vizuri. Nilikuwa nimelipima tope lile mara nyingi kwa ajili ya ofisi, nikaandika kina chake, wala sikuwahi kuliona kuwa ubao.

Nilikwenda kwa mzee anayegawa maji. "Shikamoo, mzee. Naomba kuazima tope."

"Marahaba. Kuazima nini?"

Nikamweleza. Akanitazama viatu kwanza, kisha uso. "Tope la ndiva ni la wote. Lakini siku za msaragambo kijiji kizima kinatoka kazini pamoja, wenzako wanalizoa, nawe unasimama ukingoni na kamba yako ya kupimia, unatuonyesha kwa kidole."

"Ni kazi ya ofisi, mzee."

"Basi kaandike kwenye tope la ofisi."

Kisha mzee akanionea huruma. "Nakuazima. Ila pembe ya msaragambo ikilia, ingia humu na jembe. Na hiyo diploma ingia nayo, nayo ioge."

Pembe ilipolia niliingia. Tope lilinifika magotini, na wanawake waliobeba karai waliimba kuhusu bwana mkubwa aliyepoteza kiatu. Nilichimba mpaka wakachoka kuimba. Kwa kuchimba pia hakuna aliyenishinda siku ile, kwa sababu mikono iliyokata mkonge haisahau.

Kuanzia hapo, kila asubuhi kabla ya kushuka kazini, nilikuwa ukingoni na binti yangu. Niliacha majina ya herufi. Nilichora M kwa kidole, tukafunga midomo, tukanguruma puani kama ng'ombe aliyesahauliwa zizini. Nikachora A pembeni yake, tukafungua midomo. "Mmma." Akachora mwenyewe. Ma, me, mi, mo, mu. Kesho yake maji yalikuwa yamefuta kila kitu usiku, tukaanza na B. Alilia siku ya kwanza alipokuta ma yake imeondoka. Nikamwambia, "Imeondoka humu, iko kinywani mwako. Itoe." Akaitoa. Wenye zamu za maji walipopita na majembe yao nao walinguruma, kwanza kwa mzaha. Baadaye baadhi yao walisimama kidogo zaidi.

Krismasi ikafika na mama mkwe akapanda na mwanawe. Baada ya ibada hawakukaa kunywa chai. Bibi alimshika mjukuu wake mkono, akampeleka nyuma ya migomba, mahali tulipomlaza mama yake. Tukawafuata. Msalaba wa mbao ulikuwa umeandikwa na fundi wa usharika, na mama mkwe, ambaye hakuwahi kuingia darasani, alikuwa ameutazama siku ya mazishi bila kujua unasema nini wala kutaka kumuuliza mtu.

"Nisomee," alimwambia mtoto.

Maneno ya msalaba hayakuwa kwenye kopo lolote, wala sikuwahi kuyaandika kwenye tope.

Mtoto alianza na jina. Jina hilo sitaliandika hapa. Kisha akashuka mstari wa chini, akaweka kidole kwenye mbao.

"A. Me. La. La." Akavuta zile sauti pamoja. "Amelala."

Mama mkwe akakaa chini. Akaweka kiganja chake juu ya udongo. Alipoinuka alimwambia mwanawe, "Twende nyumbani. Mtoto ana kazi ya kunisomea kila nikija."

Shemeji akanipa mkono. "Nywele zake bado mbaya," akasema.

Siku iliyofuata nilichemsha makande, mahindi na maharage, yakaiva, na anayebisha aende akawaulize waliokula. Nilijaza kopo la jirani, nikaweka mengine kwenye bakuli ndani ya boksi la mwenye duka, na ndani ya gunia la fundi nikatia ndizi zangu mwenyewe. Tukapita nyumba kwa nyumba. Katika kila nyumba binti yangu alimsomea mwenye chombo neno lake, kisha akaliandika mavumbini mlangoni. Jirani alichungulia kopo, akaonja.

"Chumvi kidogo," akasema. "Lakini limerudi."

Mwisho tulipanda kwenye ndiva. Mzee wa maji alikuwa ameketi ukingoni akisubiri bwawa lianze kujaa. Sikuwa na chombo cha kumrudishia. Binti yangu akapiga magoti kwenye tope, akaandika, akamshika mzee kidole na kukipitisha juu ya kila herufi.

"Sema mma, babu."

"Mma," akasema mzee.

"Ji."

"Ji."

Maji yalikuwa yameanza kuingia kutoka kwenye mfereji wa juu. Yalilifikia lile neno upande wa kushoto kwanza. Mzee hakuondoa kidole chake mpaka yalipofunika mkono.

"Tumemalizana," akaniambia.